Malalamiko: Dawa ya Nyanya Kwenye Pilipili Manga

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Pembejeo za Kilimo,
Dar es Salaam.

YAH: KIUATILIFU NILICHOUZIWA KWA AJILI YA PILIPILI MANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mbagala, na shamba langu la pilipili manga liko Amani, wilayani Muheza. Nilikuja dukani kwenu Kariakoo na tawi lenye vidugamba (wadudu wadogo wanaojibandika kwenye mmea na kunyonya utomvu wake) ndani ya mfuko wa nailoni. Mtaalamu wenu hakuufungua hata huo mfuko. Alinipa saipamethrini, dawa inayoua wadudu kwa kuwagusa, akasema inamaliza wadudu wote, nipulize kila baada ya wiki mbili. Nilipomwonyesha kuwa lebo inataja nyanya, kabichi na pamba tu, alinijibu, "Mzee, dawa ni dawa."

Sasa matokeo. Kidugamba aliyekomaa amejifunika nta, dawa ya kugusa haimpenyi. Inawapata watoto wake tu wanapotambaa kutafuta pa kujibandika. Ukikwangua gamba kwa ukucha leo, chini bado kuna majimaji, yaani mdudu mzima kabisa. Waliokufa ni nyigu wadogo na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waliokuwa wakiwala vidugamba bure bila malipo. Baada ya mpulizo wa pili vidugamba vimejaa hadi kwenye vikonyo vya majani, ukungu mweusi umetanda juu ya utamu wanaoudondosha, na sisimizi wanaowalinda wanapishana kwenye shina kutwa nzima. Kijana aliyesomea kazi hii angeniambia kwanza nikate na kuchoma matawi yaliyoathirika, niwazuie sisimizi, kisha nipulize mafuta ya mwarobaini wakati watoto wanatambaa.

Fedha zangu nazitaka (nakala ya risiti nimeambatisha), lakini hilo si kubwa. Kwenye vichala punje mojamoja zimeanza kuwa nyekundu, maana yake ni wakati wa kuchuma. Lebo yenu haisemi nisubiri siku ngapi kwa zao hili. Mnunuzi akiniuliza nimepuliza nini na lini, nimjibu "dawa ni dawa"?

Naomba jibu la maandishi, lenye saini ya mtu anayeijua dawa hiyo, ndani ya siku saba. Mpaka hapo sichumi.

Wenu,
Mteja na mkulima, Mbagala

Nakala: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA)