Kwa mwanangu, kuhusu ngozi hedhi inapoelekea ukomo

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na kwa kuwa uliyoniuliza si ya kujibiwa kwenye simu huku wajukuu wakisikiliza, nimeona heri niyaandike kwa utulivu. Unasema miundi ya miguu inakuwasha usiku, mashavuni yametokea madoa meusi ambayo hukuwa nayo, na muuza vipodozi mmoja huko Arusha amekushauri ununue krimu isiyo na lebo ili ikurudishie rangi yako. Nitaanza na hiyo krimu, kwa sababu inanitia wasiwasi kuliko muwasho wenyewe: usiipake.

Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), au dawa kali za steroidi kama klobetasoli. Zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuacha weusi wenye ubluu ambao ni vigumu sana kuuondoa. Steroidi ndizo zenye hila zaidi, kwa maana mwanzoni uso hung'aa na kuwa nyororo hata majirani wakausifu, kisha ngozi hupungua unene, hutoa chunusi na kuonyesha mishipa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado vinauzwa. Kwa hiyo kuvikuta dukani hakuthibitishi chochote.

Wewe hasa huna unene wa ngozi wa kupoteza. Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, lakini mabadiliko hutangulia kwa miaka kadhaa, siku zikiwa bado zinakuja kwa kurukaruka kama zako. Homoni ya estrojeni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiisaidia ngozi kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa uimara, na kushika maji, huanza kupanda na kushuka, halafu hushuka moja kwa moja. Katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, ngozi inaweza kupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake, na baada ya hapo kama asilimia 2 kila mwaka. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo unachelewa kupona, na ndiyo maana miundi, ambayo tangu hapo haina mafuta mengi, hutangulia kukauka na kuwasha. Hata ile hali ya kuhisi sisimizi wanatambaa mwilini, nawe ukitazama huoni kitu, huwapata baadhi ya wanawake katika kipindi hiki, hujarogwa.

Sasa tuje kwenye kuoga, ambako naamini nusu ya tabu yako inaanzia. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mtu hajaoga mpaka dodoki limemchubua, na najua kwamba baridi ya Juni na Julai ikishika huko Arusha unajimwagia maji ya kuunguza. Yaache yote mawili. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikawie bafuni, na sabuni iishie kwapani, kinenani na miguuni. Mikono na miundi isiyo na uchafu wa kuonekana inatosheka na maji. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo, kwa sababu ina alkali nyingi ilhali ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Ndani ya uke usitie sabuni ya aina yoyote, hata ile inayotangazwa kuwa ni ya wanawake.

Ukimaliza, jikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na upake mafuta hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Hapa wengi hukosea: mafuta ya mgando hayaongezi maji mwilini, yanayazuia tu yasitoke, na kuyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka ni kufunika sufuria tupu. Tangulia na losheni yenye gliserini, isiyo na manukato, kisha mgando juu yake usiku. Kwa miundi na visigino tafuta duka la dawa lenye krimu ya yurea ya asilimia 10. Kopo la bei kubwa lenye kifuniko cha dhahabu sioni linalolizidi kopo la kawaida, ila harufu, nayo harufu ndiyo inayochokoza ngozi kavu.

Kuhusu madoa, adui ni jua, na jua la Arusha lina udanganyifu wake. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mionzi inayodhuru ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, hata kama hewa ni ya ubaridi na unatembea umejifunga kitenge. Weusi wetu unatukinga kwa kiasi na kuungua, lakini madoa hautukingi nayo. Paka losheni ya kukinga jua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi, urudie kila saa 2 ukiwa nje, na ukipata ile yenye rangi ya ngozi iliyotiwa oksidi ya chuma, hiyo inafaa zaidi, kwa kuwa huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Kofia pana usiidharau.

Ndevu mbili tatu zikikuota kidevuni, ni homoni vilevile. Zikate kwa mkasi mdogo, usizing'oe, maana zinazorudi zikiwa zimejikunja ndani huacha alama nyeusi.

Jambo moja usilibebeshe ukomo wa hedhi: muwasho usiopungua baada ya wiki chache za mafuta unahitaji vipimo vya sukari, figo, ini na tezi ya shingo, na kama watoto nao wanajikuna usiku, fikiria upele ule wa kuambukizana. Tazama pia nyayo na chini ya kucha, kwani saratani ya ngozi aina ya melanoma kwa watu weusi hupenda kujificha huko. Doa jipya linalokua au mstari mweusi unaopanuka ni wa kuonyeshwa daktari.

Ukishuka Moshi, njoo siku ya kazi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na hata losheni ya kukinga jua ya ndugu zetu wenye ualbino ilianza kutengenezwa hapo. Madoa yako wayatazame wao kabla hujanunua kingine chochote.

Wasalimie wajukuu na baba yao.

Mama yako