Matembezi ya msitu wa Urumwa yapite na kwenye visiki

Mhariri, shikamoo na pole na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji niongee kuhusu matembezi ya msituni, maana wikiendi iliyopita wazazi wa mtaani kwetu tulijichanga tukawapeleka watoto Urumwa, na tukampata mzee mmoja mrina asali wa kijiji cha jirani atuongoze. Nilichotaka kusema ni kimoja tu, matembezi haya yaendelee ila yasiishie kwenye njia nzuri peke yake, yapite na kule kulikokatwa miti.

Kwanza niseme ukweli, sisi watu wa Tabora mjini msitu wetu hatuujui. Mtu analalia kitanda cha mninga, mlango wa mninga, kabati la mninga, halafu ukimsimamisha mbele ya mninga wenyewe anakuuliza huu ni mti gani. Yule mzee aliokota tunda lake chini akawapa watoto walishike, liko kama chapati ndogo ila katikati lina miiba miiba, akawaambia mbegu iko humo ndani na hilo bawa la pembeni ndo linabebwa na upepo. Akachubua gome kidogo sana kwa ncha ya kisu, utomvu mwekundu ukaanza kuchuruzika taratibu, watoto wote kimya. Na kwa mwezi huu wa kumi miti ya miombo, yani hii iliyojaa kwenye misitu yetu, ndo inatoa majani mapya, mekundu mekundu na mengine rangi ya shaba, kabla hata mvua haijanyesha tone, yani mtu ambaye hajafika msituni kipindi hiki ajitahidi afike.

Tulionyeshwa miti ya matunda pori, mtonga, mtalali, mbula, na mizinga ya nyuki juu ya miti. Hapo kwenye mizinga mzee alikaa sana na alifanya vizuri, alieleza kwamba mzinga wa magome unatengenezwa kwa kulivua gome la myombo kulizunguka shina zima, na mti ukishavuliwa hivyo unakufa ukiwa umesimama, ndo maana yeye ameanza kuhamia kwenye mizinga ya masanduku ingawa bei yake ni kubwa kwa mtu wa kijijini. Mrina asali anayesema hayo mbele ya mzinga wake mwenyewe anaeleweka kuliko semina yoyote.

Sasa ndo nikauliza, mbona hatuendi na upande ule ambako magunia ya mkaa yanatokea? Waandaaji wakasema huko hakuna cha kuona, watoto watahuzunika bure. Mi sikubaliani kabisa. Mkaa ule unakuja kupikia kwetu, jikoni kwangu na kwa jirani yangu, na kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani zinatoka kwenye miombo hii hii. Mtoto anayeonyeshwa maua na nyuki tu atarudi nyumbani akijua msitu uko salama, na hauko salama.

Halafu sio kweli kwamba huko hakuna cha kuona. Tulivyokuwa tunarudi mzee alituita pembeni ya njia akatuonyesha kisiki kimoja, kilikatwa miaka kadhaa nyuma, na pembeni yake yametoka machipukizi mengi yamesongamana, mengine yamenipita urefu. Akasema miombo haifi kirahisi ukiikata, inachipua kwenye kisiki na kwenye mizizi, ila moto wa mwishoni mwa kiangazi ukipita hapo machipukizi yote yanaungua na kisiki kinaanza upya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka kinachoka. Akapunguza machipukizi kwa panga akaacha mawili yaliyonyooka. Ile dakika chache pale ndo kitu watoto wanakiongelea mpaka leo, sio pikiniki.

Na uyoga je? Kila masika tunanunua uyoga wa msituni barabarani, ni wangapi wanajua kwamba aina nyingi za uyoga ule zinaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miombo, ukiimaliza miti na uyoga unaondoka. Hilo nalo linaonekana vizuri zaidi ukisimama kulikokatwa ukalinganisha na kusikokatwa.

Kwa hiyo naomba wanaohusika na misitu, walimu, na chuo chetu cha nyuki hapa Tabora waliangalie hili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawaruhusu wanavijiji kusimamia msitu pamoja na serikali, basi hata kuongoza wageni wapewe wao, warina asali na akina mama wanaookota uyoga, na walipwe pesa inayoeleweka sio soda na asante. Matembezi yawe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi kwa ajili ya majani na wakati wa masika kwa ajili ya uyoga. Kiingilio kiwe kidogo ili na dereva wa bodaboda aje na familia yake, na wapasua mbao na wachoma mkaa nao waalikwe, wasije kusemwa, waje watuonyeshe wanavyochagua mti wa kukata na sisi tuwaulize.

Mtaani kwetu tumeshakubaliana kurudi mvua zikichanganya, na safari hii tumeshamwambia mzee atupitishe kwenye visiki kwanza.

Mzazi na msomaji wenu,
Tabora mjini