Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Kaka mambo,

Meseji yako ya Ijumaa niliikuta niko saiti Kibaha, vumbi mpaka masikioni, nikaona hii haijibiwi kwa maneno mawili. Ndo nimekaa leo. Kwamba unaacha kazi ufungue ofisi yako mwenyewe ya usanifu majengo hapo Arusha, mi sikukatazi, nitakukatazaje wakati na mimi nilifanya hivohivo bila kumuuliza mtu. Ila umeniandikia habari ya kompyuta tatu, plota (ile mashine ya kuchapia ramani kubwa) na fremu ya karibu na mnara wa saa, na hujaniambia hata kwa bahati mbaya utachora kazi za nani na zipi utazikataa. Hilo ndo lilinikosesha usingizi.

Unakumbuka pale Chuo cha Ardhi tulivyokuwa tunakesha studio tukimsifia Louis Kahn, yule msanifu wa Marekani, ooh bunge la Dhaka kule Bangladesh, ooh ule mwanga. Hakuna aliyetwambia kwamba mzee alifariki 1974 kwenye choo cha stesheni ya treni New York akitokea India, na ofisi yake ina madeni ya mamia ya maelfu ya dola. Mtu unachora bunge la nchi nzima afu mishahara inakutoa jasho! Wakati huohuo kuna hawa SOM, kampuni ya wasanifu ya hukohuko Marekani, walianza Chicago 1936, waasisi wote walishakufa zamani na ofisi ipo mpaka leo, maana mteja pale ni wa ofisi, sio wa mzee fulani. Sisemi uwe SOM, wewe na mimi tunajuana, nasema tu kuchora vizuri ni kitu kimoja na ofisi kusimama ni kitu kingine kabisa.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba kila kilichopita. "Nichoree tu karamani ka vyumba vitatu", nachora. Jamaa anataka petrol stesheni, nachora, na sijawahi kuchora petrol stesheni maishani. Afu akaja developa mmoja, hawa wanaojenga majengo ya biashara, akawa ananipa kazi mfululizo mpaka karibu hela yote ya ofisi inatoka kwake, nikaajiri vijana wanne kwa ajili yake, nikajiona nimetoka. Benki ikambania mkopo, na yeye akaacha kunilipa. Yeye aliendelea kuendesha gari lake kama kawa, mimi nikauza plota. Na invoisi yake nilikuwa nimeshaitoa, kwa hiyo VAT asilimia 18 ikatakiwa iende TRA mwezi uliofuata, hela yenyewe sijaiona hata harufu. Nilikopa kulipa kodi ya hela ambayo sina, fikiria.

Kilichonifungua macho ni kaunta buku. Niliwaambia vijana kila mtu aandike masaa yake kwa kila kazi, wakanuna wiki mbili wakazoea. Baada ya miezi sita nikapiga hesabu, kumbe ile nyumba ya Mbezi niliyokuwa najitangazia kila mahali, mama mwenye nyumba alibadilisha jiko mara tisa, tulitumia karibu mara tatu ya masaa aliyolipia. Na zile zahanati na madarasa nilizokuwa nazionea aibu ndo zilikuwa zinalisha watu. Sababu ni ndogo tu, ukishachora zahanati ya tatu unayo milango, unayo vyoo, unajua kontrakta atauliza nini na mkadiriaji wa gharama atakwama wapi, hauanzi sifuri kila Jumatatu. Toka hapo tukakubaliana afya na shule, nyumba za matajiri moja kwa mwaka na bei yake inauma.

Wewe chagua chako, huko kwenu naona kambi na lodji ndogo zipo nyingi, na hizo miaka yote umezichora kwa jina la mtu mwingine.

Hela sasa. Usipange malipo makubwa yaje wakati wa usimamizi wa saiti, wengi hawafiki huko na wewe. Mteja akishapata kibali cha halmashauri anachukua ramani anampa fundi wake, simu yako hapokei tena. Kwa hiyo adivansi kabla ya mstari wa kwanza, na kabla hujamkabidhi seti ya ramani za kibali awe ameshalipa sehemu kubwa. Ataona unamfanyia ubaya. Muache aone.

Halafu huyo classmate wetu unayetaka kuingia naye, nampenda sana, ila na yeye anapenda kuchora kama wewe, sasa nani atakwenda kukaa mapokezi ya watu saa tatu asubuhi kudai? Tafuta mwenye roho hiyo hata kama hajui kushika penseli. Na kama lazima muwe wawili, andikeni saa hizi mnacheka nani anaondoka na nini siku mkikosana, mwanasheria awawekee muhuri.

Msalimie shemeji, mwambie ile mishumaa ya mwanangu ya ubatizo imefika. Na hiyo hoteli ya Karatu, ya yule anayekwambia "anza tu kuchora hela iko njiani", usichore hata choo. Nipigie Jumapili baada ya misa nikusomee mkataba wangu.

Wako,
wa Kibaha