Tumeshinda, sasa tuupime ushindi wenyewe

Ndugu yangu,

Salaam nyingi. Nimesoma ujumbe wako wa mechi yetu ya raga, na furaha uliyoandika nayo nimeipata yote. Trai nne (kila trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao wa goli), ushindi, pointi 5 kwenye msimamo: 4 za ushindi na 1 ya bonasi. Hata mimi nimefurahi mno. Ila umeniuliza kama timu imerudi kwenye fomu, na swali hilo jedwali la ligi haliwezi kulijibu. Jedwali linasema tulichovuna. Fomu ni kile tunachoweza kukirudia wiki ijayo ugenini, mvua ikinyesha, refa akiwa mkali kwenye raki, pale wanapogombea mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa. Hicho ndicho cha kutafuta kwenye video.

Chukua karatasi, uigawe mechi robo nne za dakika 20. Anza na asili ya pointi. Timu inaweza kufika 31 kwa trai nne za pointi 5, mikwaju minne ya kuongezea (teke la pointi 2 baada ya trai) na penalti moja ya pointi 3. Inaweza pia kufika 31 hiyo hiyo kwa penalti saba na trai mbili zisizoongezewa. Ubao ni ule ule, lakini hizo ni timu mbili zenye afya tofauti. Kwa kila trai yetu andika ilianzia wapi: lainauti (mpira kurushwa ndani baada ya kutoka nje), skramu (fowadi, wale wanane wa mbele, wakisukumana na wa mpinzani), mpira waliotudondoshea, au teke lao bovu tulilolirudisha. Kisha andika walikuwa wangapi uwanjani. Kadi ya manjano huwaacha 14 kwa dakika 10, na kama trai mbili kati ya zile nne ziliingia ndani ya dakika hizo, zitie alama pembeni. Sisemi uzifute. Kumwadhibu mpinzani aliyepungukiwa ni ustadi pia, lakini wiki ijayo hakuna aliyetuahidi kadi.

Hapo hapo hesabu safari zetu ndani ya mita 22 zao, yaani eneo la mita 22 kutoka mstari wao wa goli, na tulitoka na pointi ngapi kila mara. Ukigawanya ukapata zaidi ya 2.5 kwa safari, ushambuliaji unafanya kazi. Ukikuta tumeingia mara nyingi tukatoka mikono mitupu, angalia namna tulivyopoteza. Mpira ukizuiwa juu ya mstari wa goli bila kuguswa chini, wao hupiga teke la kuanzishia kutoka mstarini na presha yetu yote inayeyuka. Mara nyingi chanzo ni fowadi anayeingia amesimama wima, mpira kifuani, na wenzake hawajamfikia wamsukume.

Umesema trai mbili zilitokana na moli, yaani mbebaji akiwa wima na wenzake wamemshika wakisukuma mbele. Hilo limenifurahisha kuliko ile mbio ndefu ya pembeni uliyoisifu, kwa sababu moli inafanyiwa mazoezi na inasafiri na timu popote. Lakini chunguza lainauti iliyoizaa. Kushinda mirusho yetu kwa asilimia 85 na zaidi ni sawa, ila uliza mpira ulitupwa wapi. Mrusho wa mbele ni salama na unafaa kwa moli. Ubaya wake ni kwamba mabeki, wale wakimbiaji wa nyuma, wanapata mpira polepole, ulinzi ukiwa umeshajipanga. Mrusho wa nyuma una hatari zaidi, lakini mabeki wa mpinzani wanatakiwa kukaa mita 10 nyuma ya mstari wa lainauti mpaka iishe, kwa hiyo ukiupata mpira safi kule nyuma una nafasi ya kweli ya kukimbia. Kama huka wetu, mrushaji wa lainauti, alirusha mbele karibu kila mara, asilimia yetu itapendeza na wapinzani wa wiki ijayo wameshaona. Watamwinua mtu wa kuruka pale pale mbele, tukwame.

Skramu nayo usiiangalie kwa macho ya mpira. Acha mpira, tazama propu wetu, nguzo ya safu ya mbele, nambari 1 upande wa kushoto. Mkono wake wa kushoto umshike mpinzani mgongoni au ubavuni, kiwiko kikiwa juu. Kiwiko kikianza kuelekea ardhini kabla mpira haujaingia, anabebeshwa uzito asiouweza, na skramu itaanguka upande wake. Refa akiwa upande huo, ni penalti. Halafu hamia nambari 3, propu wa kulia. Mgongo wake uwe bapa, mabega yasishuke chini ya nyonga, miguu ipige hatua fupi fupi. Nyonga zikimkimbilia nje, ujue anasukumwa kwa pembe na loki, msukumaji wa safu ya pili aliye nyuma yake, anasukuma hewa. Fanya hivyo kwa skramu tatu za kwanza na tatu za mwisho. Tofauti kati ya hizo inaeleza mengi kuliko idadi ya skramu tulizoshinda.

Raki unaipima kwa kuhesabu. Mbebaji akigusa ardhi, anza moja, mbili, tatu, hadi nambari 9 ainue mpira. Chini ya sekunde tatu, ulinzi unakuwa bado unarudi nyuma. Zaidi ya hapo wameshapanga mstari, na tunagonga ukuta. Hesabu raki za nusu yao tu, zile za kwetu zina mambo mengine. Zikiwa za polepole, tafuta sababu moja kati ya hizi: wa kwanza kusaidia amechelewa, au amefika akiwa wima na anasukumwa kirahisi, au mbebaji ameangukia upande wao badala ya kujigeuza na kuulaza mpira nyuma kwa urefu wa mikono. Angalia pia tunatumia watu wangapi kusafisha. Kama kila raki inakula watatu, kufika awamu ya nne hakuna wa kubeba mpira ila mabeki wepesi, na hapo ndipo tunapopoteza mpira ovyo.

Sasa penalti tulizotoa. Hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali hata kama moyo unakataa. Kumi au pungufu kwa mechi nzima inavumilika. Zigawe kwa robo na kwa aina. Kuotea kwenye mstari wa ulinzi kukirudiwa rudiwa baada ya dakika ya 60 ni dalili ya miguu iliyochoka: watu hawarudi kwa wakati, wanaanza mbio kutoka walipokuwa. Kutotoka njiani baada ya kukaba ni tabia, nayo inarekebishika kwa mazoezi. Mpinzani anapopewa penalti hupiga mpira nje na bado anarusha yeye, kwa hiyo kosa moja katikati ya uwanja linaweza kuwa lainauti ya mita 5 na baada yake trai yenye mkwaju, pointi 7. Makosa ya aina moja yakizidi, refa anatoa kadi.

Umeandika pia kwamba tuliruhusu trai mbili mwishoni, na kwamba haidhuru kwa sababu mechi ilikuwa imeshaisha. Sikubaliani nawe. Trai hizo ndizo ninazotaka kuzijua kuliko nne zetu. Ziliingilia wapi? Kukosa kumkaba fowadi katikati ya uwanja kunazibwa na wenzake wawili waliosimama karibu. Kukosa pembeni hakuna wa kuziba. Siku hizi winga hulazimika kukaa nyuma zaidi, kwa kuwa mpira uliopigwa kutoka nusu yao, ukadunda uwanjani kisha ukatokea nje ndani ya mita 22 zetu, unawapa wao lainauti. Winga akiwa nyuma, nambari 13 akitoka mbio peke yake bila nambari 12, beki mwenzake wa katikati, kwenda naye, mlango unafunguka ndani yake. Ukiona mlango huo mara mbili, tatizo ni la mpangilio. Uchovu hausingiziwi hapo.

Wala usidhani ushindi mwembamba ni lazima uwe dhaifu. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2023, Uingereza waliongoza Afrika Kusini 15-6 hadi robo ya mwisho. Benchi ya Afrika Kusini ikaingia, RG Snyman akafunga trai iliyoongezewa, skramu iliyokuwa na Ox Nché ikachuma penalti, Handré Pollard akaipiga kutoka mbali, ikawa 16-15. Pointi moja tu, lakini ilitoka kwenye skramu na benchi, vitu walivyosafiri navyo mashindano yote. Uingereza hao hao waliifunga Argentina 27-10 kwenye makundi bila trai hata moja, wakiwa 14 tangu dakika za mwanzo. Pointi zote 27 ni za George Ford: penalti sita na mikwaju mitatu ya kudondosha mpira, kila mmoja pointi 3. Nayo ni fomu, ya mguu na ya nidhamu.

Hali ya wapinzani iandike kwa ufupi tu: nani hakucheza, walipumzika siku ngapi, upepo ulivuma kuelekea wapi. Kama pointi zetu nyingi ziliingia kipindi tulichosukumwa na upepo, uzipunguzie uzito.

Kwa ulichoniambia, maoni yangu ya sasa ni haya: moli na lainauti zimerudi, hizo nazikubali. Ulinzi wa robo ya nne sijaukubali, na benchi sina hakika nayo hadi nione skramu tatu za mwisho. Wachezaji wanane wa akiba, watatu wao wa safu ya mbele, ndio watakaoamua mechi ya ugenini, maana mapropu hubadilishwa kati ya dakika ya 50 na 60 na hapo skramu inaanza upya kabisa.

Nitumie karatasi yako kabla kikosi hakijatangazwa. Nitaanza kusoma safu ya penalti za robo ya nne, kisha tuone kama nambari 3 wa akiba anastahili kuingia mapema.

Wako daima katika raga,
Rafiki yako