Msimkatishe jini posa yake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nina umri wa miaka 61, na kibanda changu kipo Ngamiani, hapa Tanga. Gazeti lenu nalinunua kila Alhamisi kwa ajili ya hadithi ya jini aliyempenda binti muuza mihogo. Ikifika saa kumi alasiri wanafunzi wangu wanne wanasimamisha cherehani, mwenye kungoja nguo yake anavuta kigoda, nami navaa miwani nasoma kwa sauti. Siku hizi hata vijana wa bodaboda wa pale kona wanasogea, kila mmoja na zipu yake ya kutengenezwa.

Alhamisi iliyopita mmeweka kisanduku chini ya hadithi. Mmesema wapo wasomaji waliolalamika, kwa hiyo hadithi itamalizwa toleo lijalo na jini "atapata anachostahili". Nilipofika hapo sauti ilinikauka. Mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote akauliza, "Watamchoma?" Sikuwa na la kumjibu, ndiyo maana naandika.

Barua ya yule ndugu aliyelalamika nimeisoma, ile inayosema kuwa hadithi inawazoesha mabinti mapenzi na shetani. Naamini aliandika kwa nia njema. Mimi pia ni mzazi, nina mabinti wawili. Lakini amechanganya mambo. Qurani ina sura nzima ya majini, ya 72, na humo majini wenyewe wanasema wamo miongoni mwao walio wema na wamo walio kinyume cha hivyo. Iblisi ni katika majini, sikatai. Na Firauni ni katika watu, wala hatukuacha kuolewa na watu.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndugu huyo hajapata kulishuhudia, nami nimelishuhudia. Nimezaliwa Kigombe, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji huu. Mwaka 1974, nikiwa na miaka 10, mama mmoja jirani yetu alipandwa na pepo. Mumewe alikuwa mvuvi hodari ila mkono wake ulikuwa mgumu, kanga ya sikukuu mpaka wazee wamkalishe kitako. Basi ngoma ikapigwa, ubani ukafuka, chano cha vyakula vya pepo kikatuama katikati ya uwanja, na fundi wa ngoma akamuuliza pepo anataka nini. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume, na yule mama alikuwa mwembamba kama ufito. Pepo akataja: kanga doti mbili, pete ya fedha, marashi, na halua kilo moja.

Mume alisimama pale jasho likimtiririka, akaanza kupatana na pepo kama yuko sokoni. Pete, sawa. Marashi, sawa. Lakini kanga iwe doti moja na halua nusu kilo, maana mwezi huu bahari imechafuka. Pepo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bahari ni kwetu. Jana umepata nguru watatu. Wawili umeuza. Wa tatu umempelekea nani?"

Mhariri, uwanja ulilipuka kwa kicheko. Fundi wa ngoma aliangusha usinga wake. Wazee walijifuta machozi kwa ncha za vilemba. Kanga zilikuja doti mbili na halua ikaja kilo nzima, na mimi niliionja. Sisemi yule mama alikuwa anaigiza. Sauti ile niliisikia kwa masikio yangu na nywele zilinisimama. Ninachosema ni kwamba hofu ilikuwepo na kicheko kilikuwepo, katika uwanja mmoja, usiku mmoja, na hakuna mzee aliyesimama kusema kicheko kile ni dhambi. Pepo alikuwa na wivu, na uchoyo, na mapenzi na kiti chake, yaani yule mama aliyempanda. Alikuwa na tabia, na mwenye tabia huzungumzika naye.

Na ile hadithi ya dereva wa lori je? Hakuna mtu wa pwani asiyeijua. Dereva anatoka Mombasa usiku, amepita Lungalunga, amevuka mpaka wa Horohoro, anaona mwanamke mzuri kajifunika buibui anaomba lifti. Anampakia. Gari linajaa harufu ya udi. Maneno matamu mawili matatu yameshapita, dereva anahesabu kabisa kuwa amepata mchumba, mara anaangusha kiberiti, anainama kukiokota, anaona kwato. Anafungua mlango anaruka, anakimbia gizani mpaka anamkuta mzee na kandili yake. "Mzee, nisaidie, nimepakia mtu ana kwato!" Mzee anapandisha kanzu taratibu. "Kama hizi?" Nimeisikia kwa watu wengi mno, na kila msimulizi huapa kuwa dereva ni mjomba wake. Tukiisikia tunatetemeka na tunacheka, kisha tunarudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono. Jini wenu wa ukurasa wa 9 ametoka katika ukoo huo. Hakuletwa na mtu kutoka nje.

Kilicholetwa ni yule jini wa mikanda ya video, ambaye macho yake yanawaka taa, anayenyonya damu, anayetaka mtoto wa kafara, na hamalizwi mpaka achomwe kwa makelele mwisho wa mkanda. Huyo hana tabia, hapatani na mtu, hana hata njaa. Sasa ndugu mlalamikaji anataka hadithi yetu imalizike kwa namna hiyo hiyo.

Nitaeleza kwa nini linanigusa. Mdogo wangu wa mwisho alifika miaka 34 hajaolewa. Hiyo ni mwaka 2009. Alikuwa fundi kunishinda mimi, mkono wake kwenye kola haukuwa na mfano. Watu wakaanza kunong'ona kuwa ana jini mahaba, jini anayemfanya mke wake usiku na kuwafukuza wachumba mchana. Akapelekwa kwa mganga mmoja, sitamtaja. Mganga akasema ndiyo, ana mume wa kijini, tena mwenye hasira. Akatakiwa beberu mweusi, bafta nyeupe yadi saba, na shilingi 380,000. Hakuwa nazo. Akauza cherehani yake.

Baada ya hapo aliogopa kulala. Kwa miaka aliacha taa inawaka usiku kucha. Akiota ndoto yoyote, hata ya kuvuka mto, asubuhi anaamka anajikagua mwili. Wachumba wawili walikuja kweli, wote akawakataa yeye mwenyewe, akiogopa wasije wakadhurika. Na mganga yule alisema hilo ndilo jini lilitaka. Unaona jinsi mlango ulivyofungwa? Akikosa mchumba ni jini, akipata akamkataa ni jini.

Laiti siku ile angekuwepo mtu wa kumkumbusha habari za Nabii Suleiman. Majini walimfanyia kazi, na alipofariki akiwa ameegemea fimbo yake waliendelea kubeba mizigo wasijue kuwa bwana wao hayupo, mpaka mdudu alipoila fimbo ikavunjika akaanguka. Imo katika sura ya 34. Hao ndio tunaoambiwa wanajua kila posa inayopangwa Tanga nzima! Jini asiyejua kuwa mfalme aliye mbele yake amekufa atajuaje kuwa kijana wa Pongwe anataka kuleta mshenga Jumapili?

Mdogo wangu sasa anauza vitumbua. Miezi mitatu iliyopita alipita kibandani akanikuta nasoma ile sura ya hadithi yenu ambayo jini anafundishwa na mshenga wake taratibu za posa. Anaambiwa kuna mahari, kuna kilemba cha babu, kuna mkaja, zawadi ya mama wa binti. Jini anadhani mkaja ni aina ya samaki, anazama baharini siku mbili kuutafuta. Mdogo wangu alikuwa amesimama na ndoo yake kichwani. Akaanza kucheka hadi ikabidi aitue. Alikaa kwenye mkeka, akacheka, akajishika mbavu, kisha akauliza, "Na huyo ndiye wanayemwogopa?" Tangu siku hiyo kila Alhamisi anakuja mapema na vitumbua vya wote. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema niandike ila nisimtaje jina.

Wapo watakaosema ni hadithi tu, ikikatwa ikatwe. Nawakumbusha mwaka 1995. Hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikaingia Unguja, watu wazima wakalala nje wakiwasha moto, majirani wakikesha pamoja kwa woga. Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye Popobawa mwenyewe. Nina ndugu Pemba, najua hofu ile ilivyokuwa. Sijapata kusikia mtu aliyeuawa na watu waliokuwa wanacheka.

Na mji huu, Mhariri, una haki yake katika jambo hili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, mkoani hapa, mwaka 1909, na katika kitabu chake Adili na Nduguze alituandikia Huria, jini wa kike mwenye kulipa fadhila, mkali pale penye dhuluma. Tulisoma shuleni na hakuna mwalimu aliyetuambia kuwa tunafundishwa ushetani. Mwandishi wenu hajafika huko, bado mchanga, lakini njia anayopita ina nyayo za wakubwa.

Kwa kuwa namtakia mema, naomba mumfikishie masahihisho yangu. La kwanza ni chumvi. Katika sura ya nne jini amekula mihogo ya kukaanga na kachumbari na pilipili na chumvi, akaomba tena. Bibi yangu, ambaye amepika vyano vingi kuliko miaka yangu, alisema chakula cha jini hakitiwi chumvi hata chembe. Na ukikifikiria hicho, mwandishi, ndicho chenye kuchekesha zaidi: amempenda muuza mihogo ambaye mihogo yake hawezi kuila. Aizunguke meza ile kila jioni, anunue sahani, aigawe kwa watoto wa mtaa. Mapenzi ndiyo hayo.

Pia ameandika kuwa jini alivaa suti ya kijivu "iliyomkaa sawasawa" mara baada ya kuinunua. Nimeshona suti miaka 38, haipo suti ya dukani inayomkaa mtu sawasawa, sembuse mwenye kwato, ambaye nyonga zake lazima ziende mbele. Alete jini kwa fundi apimwe. Sura nzima inaweza kutoka hapo: fundi anafika magotini na tepu, anashuka, anashuka, anafika kifundo cha mguu. Nampa bure.

La mwisho ni mama wa binti. Amemwandika vizuri mno asimpoteze. Yule mama anayemuuliza mkwe mtarajiwa kabila lake na kazi yake, naye anajibu "natoka baharini", na mama anasema, "Wavuvi tumeshawachoka, utamlisha nini?" Mama huyo ninamjua. Nimemshonea nguo. Hofu yake kwa binti yake ni ya kweli na mwandishi ameiheshimu, kwa maana hakumfanya mjinga. Mkimleta mtu wa kupiga kelele na kuchoma ubani ili amalize hadithi kwa sura moja, mama huyu atakuwa hana kazi tena, na uamuzi ni wake yeye na bintiye. Binti akimkataa jini, sawa, tutahuzunika pamoja na jini. Akimkubali, tutaona watakavyoishi. Nyumba ya ndoa ina mambo, na mwandishi ana pa kwenda mpaka Ramadhani ijayo.

Basi ombi langu ni moja. Kisanduku kile kiondoeni. Mwacheni mwandishi aendelee kwa mwendo wake, na ndugu aliyelalamika mpeni nafasi ya kuandika tena, nitamsoma kwa heshima. Lakini toleo lijalo lianzie pale lilipokatikia. Jini amefika kwa kina binti na mshenga wake, jioni, amebeba sanduku la posa, amefunga kamba za viatu vile vya buti mafundo matatu matatu. Mama ametandika mkeka mpya. Amemkaribisha vizuri, kisha akamwambia kama anavyoambiwa mgeni yeyote: karibu mwanangu, viatu vua hapo mlangoni.

Wanafunzi wangu, mdogo wangu na vijana wa bodaboda wote tumeachwa hapo kizingitini. Tunataka kujua kama alivua.

Msomaji wako,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga