Mbona hadithini lazima tupone?

Mhariri,

Hadithi yenu ya mapenzi ya Jumamosi huisomea barazani, magongo yameegemea ukuta. Juzi binti kiwete kaolewa, na usiku wa harusi miguu ikanyooka! Mimi polio ilinipata mdogo. Nimeolewa, nina watoto watatu, na mguu ni ule ule. Mapenzi niyajuayo ni mume kunishika kiuno nikipanda boti ya Shela, huku akimfokea punda aliyeziba njia.

Na yule aliyenusurika chombo kilipozama, eti busu moja likamtoa hofu? Jirani yangu yalimpata hayo. Hadi leo halali bila taa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yataka tutajwe kwa heshima. Mwandishi wenu katuandika "kilema" mara tisa. Nimehesabu.

Mama wa Watatu,
Mkomani, Lamu