Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: siku kumi za mtoto mwenye Kawasaki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu ugonjwa ambao wazazi wengi hawajawahi kuusikia, nami sikuujua hadi ulipompata mwanangu. Unaitwa Kawasaki, kwa jina la Dkt. Tomisaku Kawasaki wa Tokyo, aliyemwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Mishipa ya damu huvimba mwilini, na inayoumia vibaya zaidi ni ile inayoulisha moyo wenyewe.

Dawa yake ipo. Ni imunoglobulini, kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya maelfu ya wachangiaji. Mtoto huwekewa kwa dripu, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, na hupewa aspirini pia. Akiipata ndani ya siku kumi tangu homa ianze, hatari ya mishipa ya moyo kutanuka hushuka hadi kama watoto 4 katika 100. Asipoipata, ni kama mmoja katika kila wanne. Damu ikiganda kwenye mshipa uliotanuka, mtoto wa chekechea anaweza kupata shambulio la moyo.

Naomba utazame siku hizo kumi zinavyokwisha huku kwetu. Homa inapanda, unakimbilia duka la dawa. Haishuki, unakwenda kituo cha afya: malaria hakuna, basi ni UTI, anaandikiwa antibayotiki. Upele ukitoka, huyu anasema surua, yule anasema mzio wa dawa. Na kwenye ngozi yetu nyeusi, upele huo na wekundu wa viganja havionekani upesi kama kwenye picha za vitabuni. Aliyemtambua mwanangu ni daktari kijana wa zamu. Aliyaona macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka na ulimi mwekundu wenye vipele, akauliza homa ilianza lini. Tulikuwa tumeshaingia wiki ya pili. Na dawa haikuwepo. Ndugu walichanga, chupa zikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi la barafu. Leo mwanangu anacheza, lakini mshipa mmoja umetanuka na bado tunahudhuria kliniki ya moyo.

Shirika la Afya Duniani limeiweka imunoglobulini kwenye orodha yake ya dawa muhimu na kuutaja Kawasaki kwa jina. Mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24, yaani chupa tano za gramu 5. Siombi kila zahanati iwe nazo. Naomba Bohari ya Dawa ihakikishe kila hospitali ya rufaa ya kanda ina akiba ya kuwaanzishia angalau watoto wawili, na kibali cha bima, kikihitajika, kitoke siku hiyohiyo. Naomba pia wahudumu waelekezwe kwamba homa ya mtoto ikifika siku ya tano, pamoja na dalili nilizozitaja, wafikirie Kawasaki na kumpa rufaa ya kipimo cha moyo kabla ya kumbadilishia antibayotiki nyingine.

Wakati hayo yakifanyiwa kazi, ofisi yako itangaze ni hospitali zipi zina dawa hii leo, ili mzazi mwenye mtoto mgonjwa usiku huu ajue pa kumkimbiza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Singida